UZI: Nashusha gia boksi ya Corolla AE100 uani kwangu kubadili klachi, karibuni mnisimamie

mkweche_wa_moro (mleta uzi)

Wakuu, habari za Ijumaa.

Nina Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, gia za mkono. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu aliyelitunza kama yai. Kasoro yake ilikuwa moja: mguu wa kushoto haukubanduka juu ya pedeli ya klachi, hata barabara ikiwa tambarare. Nilimwona siku ananijaribishia gari, nikanyamaza. Bei ilikuwa nzuri.

Sasa nalipia ule ukimya. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakwenda msibani Iringa. Mpaka Mikumi safi. Ruaha Mbuyuni mama mkwe akaona vitunguu, tukapakia gunia. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya semi lenye kontena. Kona ya tatu nakanyaga mafuta, injini inanguruma kama inataka kuruka nje, gari liko palepale. Naachia, nakanyaga tena, yaleyale. Halafu ikaja harufu. Mama mkwe akauliza kinachoungua ni nini, nikasema breki za semi. Mlima tuliumaliza kwa gia ya kwanza, tukaingia Ilula gari zima limenyamaza.

Gereji niliyouliza hapa Moro wanataka laki tatu ya ufundi peke yake, spea juu yangu, gari lilale kwao siku tatu. Sisemi wananionea, kazi ni kubwa. Ila mshahara wangu hauna habari hiyo. Nina jeki ya magurudumu ya tani mbili, stendi nne, soketi namba 8 mpaka 32, kipande cha bomba cha kurefushia mpini, na shemeji mwenye nguvu ambaye kushoto na kulia kwake bado ni mjadala. Sina shimo wala lifti. Uani kuna sakafu ya zege.

Aliyewahi kuifanya kazi hii nyumbani aseme neno kabla sijajiharibia.

bin_makunduchi

Shemeji ndiye kifaa cha kwanza. Vilivyobaki vinaazimwa.

otomatiki_oyee

Uza hilo gari, chukua otomatiki, mambo ya klachi yaishe.

mkweche_wa_moro

Gia boksi ya otomatiki ikinifia nitauza kiwanja. Tuendelee.

mzee_wa_spana

Kijana, tulia. Usilale chini ya gari kabla hujajua unachokifuata. Nimekula mkate wa gereji Tanga tangu enzi za Datsun 120Y, na magari mengi yaliletwa kwangu "klachi imekufa" kumbe ni vitu vya nusu saa.

Washa gari lipate moto kidogo. Vuta hendibreki mpaka mwisho, mbele kusiwe na mtu wala ukuta. Tia gia ya tatu, ongeza mafuta kiasi, achia klachi. Klachi nzima inazima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka, pleti (ile sahani ya klachi) inateleza. Jaribu mara moja tu, maana kila jaribio linakula kilichobaki.

Halafu pima mchezo wa pedeli. Isukume kwa kidole, mguu hauna hisia hiyo. Kabla haijawa nzito inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 5 hadi 15. Ukikuta haina mchezo kabisa, maana yake beringi inaibana presha pleti (ile inayoikandamiza pleti) usiku na mchana, na hilo peke yake linatosha kuiteleza klachi yenye pleti nzima. Hapo unarekebisha kijiti cha pedeli kwa spana mbili, unakwenda kunywa chai.

Tumia na masikio. Kelele ikija unapokanyaga klachi ni rilizi beringi, ndiyo hiyo inayosukuma presha pleti. Kelele ikiwapo umeachia, na ikipotea ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia, ndani ya gia boksi kwenyewe. Hiyo ni kesi nyingine, na ni heri uisikie leo kuliko baada ya kufunga.

Spea usinunue kwanza. Haya magari yameshachanganywa injini na gia boksi kila mtaa. Pleti zina vipenyo mbalimbali na idadi ya meno mbalimbali. Toa ya zamani, nenda nayo dukani mkononi.

mkweche_wa_moro

Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyosema. Gia ya tatu, hendibreki juu, nimeachia klachi: injini ikaendelea kama haijui lolote. Mchezo wa pedeli ni milimita 10 kwa rula ya mtoto wa darasa la nne. Kelele hakuna. Kwa hiyo tunashusha.

mzee_wa_spana

Marahaba. Basi shusha. Lakini chini ya gari lililosimama kwa jeki tupu usiingie, hata kuokota nati. Stendi mbele mbili, magurudumu ya nyuma weka kabari, na ile taili ya spea ilaze chini ya bodi pembeni yako. Siku stendi ikikusaliti, taili itakupa nafasi ya kutoka.

grogan_254

Niaje wadau. Boss, fanya seti nzima: pleti, presha pleti na rilizi beringi. Mimi nilijifanya mjanja na Hilux yangu, nikaenda Kirinyaga Road nikanunua pleti pekee, beringi nikaona bado iko poa. Miezi minne nikarudi chini ya hiyo gari tena, juu ya kitu ya bei rahisi kuliko zote. Kumbuka Hilux iko na beringi ndogo ndani ya krenki (ile shafti kubwa ya injini), ile ncha ya shafti inakaa, na hiyo pia nilikuwa nimeiruka. Gari ya kuvuta nyuma ina raha yake, hakuna draivu shafti za kutoa (zile za kuzungusha magurudumu ya mbele), unafungua propela tu. Lakini hiyo gia boksi ikikushukia kifuani utajua hujui.

Na kitu moja: kabla umwage oili ya gia, fungua kwanza nati ya kujazia. Kama imeshika na umeshamwaga oili, umebaki na gari haiwezi kutembea na huwezi kuijaza.

mkweche_wa_moro

SIKU YA KWANZA, Jumamosi.

Nimeanza saa moja na nusu asubuhi. Niwaambie ukweli, hadi jioni sijaiona klachi. Watu wanasema "kubadili klachi" kama kubadili tairi, kumbe klachi yenyewe ni bolti sita. Siku nzima unaitafuta njia ya kuzifikia.

Nilichukua katoni ya sabuni, nikachora gari kwa juu, kila bolti inayotoka naichomeka mahali pake. Bolti za kengele ya gia boksi (ule mdomo mpana unaofunika klachi) hazilingani urefu, na ukiingiza ndefu penye fupi unapasua aluminiamu.

Hendibreki ikiwa juu na magurudumu bado chini, nimelegeza nati kubwa za draivu shafti, namba 30, nikiwa nimetoa pini na kofia yake. Ya kulia ilikubali. Ya kushoto ilinikatalia saa nzima. Shemeji amekanyaga breki, mimi nimesimama juu ya bomba la mita moja na kidogo, narukaruka kama mtoto kwenye kitanda. Majirani walitoka kuangalia. Ilipoachia ililia kama risasi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Betri nje, boksi la chujio la hewa nje, kebo mbili za gia (zinashikwa na klipu, msizipoteze, zinaruka mbali), kebo ya spidi, waya wa taa ya rivasi, waya wa ethi, stata. Silinda ya chini ya klachi ina bolti mbili. Sikuigusa bomba lake, nimeitundika kwa waya pembeni, na nimeandika karatasi USIKANYAGE nikaibandika kwenye pedeli, maana mtoto wangu anapenda kuendesha gari lililozimwa na pistoni ingetoka yote.

Nati ya kujazia oili ilifunguka vizuri, ahsante @grogan_254. Oili iliyotoka nyeusi kama chai ya mkandaa.

Boli jointi za chini, kila upande nati mbili na bolti moja, namba 17. Ukishaziachia kutoka kwenye kono unavuta habu nje, draivu shafti inachomoka. Upande wa gia boksi nilichokonoa kwa mtaimbo mdogo, taratibu, nisikwangue sili.

Kesho ndiyo naishusha. Injini nitaizuia na boriti ya mkaratusi nimeilaza juu ya madgadi, mnyororo unashika injini.

mzee_wa_spana

Hapo kwenye madgadi hapana! Hilo ni bati la kuzuia tope, litapinda usiku huuhuu. Miguu ya boriti ikae kwenye ukingo wa ndani ambako madgadi yamefungiwa na bolti, uweke na vipande vya mbao vipana kugawa uzito. Halafu jeki nyingine chini ya sampu (karai la oili chini ya injini), na ubao mpana katikati, isaidie tu. Sampu ni bati pia, ukiibebesha injini nzima itaingia ndani na kubana bomba la kunyonyea oili.

mkweche_wa_moro

Nimetoka nje na tochi usiku huu nikaihamisha. Bati la kulia lilikuwa limeshaanza kutabasamu.

bin_makunduchi

Sisi wa Unguja nati kama hiyo yako ya kushoto ndiyo desturi, hewa ya bahari haina huruma. Mimi huipaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili tangu jana yake, nalala nayo. Asubuhi huwa imelainika, au imezoea.

mkweche_wa_moro

SIKU YA PILI.

Imeshuka! Saa tano kasoro. Mauntingi (vishikizo vya injini na gia boksi) ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, ile boriti ya chuma ya katikati chini, kisha bolti za kengele. Mbili za juu unazipata ukipanda ndani ya boneti, umelala kifudifudi kama unatafuta sarafu kisimani. Gia boksi nimeipokelea kwenye jeki ya magurudumu, shemeji akiishika isipinduke. Niliyasoma mahali kwamba isiachwe ining'inie kwenye shafti yake ndani ya pleti, kwa hiyo tulipoivuta tuliivuta kwa nia moja mpaka ikatoka.

Niliyoyakuta ndani:

Pleti imekwisha mpaka vichwa vya riveti vinagusa. Kitabu cha Toyota kinataka riveti ziwe zimezama angalau milimita 0.3, zangu zimeshapita zinachungulia.

Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inalibana, ina duara la bluu kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na mikwaruzo ambayo kucha inaisikia.

Vidole vya presha pleti vimechimbwa na beringi kote kwenye ncha. Hiyo ni saini ya mwalimu wangu na ule mguu wake.

Na chini ya flaiwili kuna unyevu wa oili. Si nyingi, lakini upo. Hapo ndipo naomba ushauri. Nifunge hivyohivyo?

grogan_254

Usithubutu. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Leo iko na unyevu, kesho iko kwa pleti mpya.

mzee_wa_spana

Kijana wa Nairobi amesema sawa. Sili yenyewe bei yake ni chakula cha mchana. Kuifikia ndiyo siku mbili, na siku mbili hizo umeshazilipa. Fungua flaiwili, weka alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa, toa sili ya zamani bila kukwaruza krenki, paka midomo ya mpya oili kidogo, iingize sawasawa pande zote kwa kugongagonga na ubao. Chukua kwanza huo unyevu kwa kidole uunuse: oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Ukisikia kiberiti, inayovuja ni sili ya shafti ya gia boksi, siyo ya krenki.

Flaiwili ipeleke kwa mkerezaji. Mwambie akereze kidogo kadiri inavyotosha, uso uwe sawa, na aangalie nyufa. Ikiwa na ufa unaoingilia kucha, tafuta nyingine.

Jingine. Hilo vumbi jeusi ndani ya kengele usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Klachi za zamani zilitengenezwa na asibesto, na huwezi kujua ya kwako ilibadilishwa lini. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitupe. Wenzangu wawili niliofanya nao kazi walikuwa wanapuliza vumbi la breki kila siku wakicheka. Vifua vyao baadaye havikucheka.

mkweche_wa_moro

Nimenusa. Haina kiberiti, ni ya injini. Vumbi nimelipangusa na maji. Poleni kwa hao wenzako, mzee.

Flaiwili iko kwa mkerezaji, nitaipata Jumanne. Seti nimeagiza Gerezani, Kariakoo, kupitia binamu. Nilimtumia pleti ya zamani ndani ya mfuko wa rambo, akaibeba dukani. Duka la kwanza walimpa inayofanana kila kitu ila meno ya katikati yamezidi. Angenunua kwa picha ya simu tungelia wote.

Seti imekuja bila kile kiplastiki cha kusentia, yaani cha kuiweka pleti katikati. Nifanyeje?

mzee_wa_spana

Sisi hatukuwahi kukiona hicho kiplastiki. Tafuta mti mgumu ulionyooka. Ncha yake ijae kwenye tundu la krenki, juu zungushia utepe mpaka ujae kwenye meno ya pleti bila kucheza. Umepata.

mkweche_wa_moro

Mpini wa mwiko wa ugali. Mkongo. Unene umekuja kama umepimwa kiwandani, nimeongeza mizunguko saba ya utepe wa umeme. Nimeukata saa ambayo mwenye mwiko alikuwa kwaya.

otomatiki_oyee

Hapo sasa umeingia kwenye matengenezo makubwa zaidi.

mkweche_wa_moro

ALHAMISI JIONI. Nimefunga.

Flaiwili imerudi inang'aa, nimeiosha kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe, maana alama ya kidole chenye grisi juu ya pleti ni mwanzo wa kutetemeka. Sili mpya ndani. Meno ya shafti nimepaka grisi kiasi cha kuisikia tu, ikizidi inarushwa na mzunguko inakwenda kukaa kwenye pleti. Pleti, presha pleti, mwiko katikati, bolti sita kwa kuzikaza kimsalaba, kila moja nusu mzunguko, mpaka toki (nguvu ya kukazia) 19 Nm. Spana ya toki nimeazima kwa jirani anayetengeneza bajaji.

Kurudisha gia boksi kulitunyanyasa. Imefika bado sentimita mbili, haiendi. Shemeji akashauri tuivute kwa bolti. Nilikumbuka kusoma kwamba hapo ndipo kengele hupasuka. Nikatia gia, nikazungusha puli ya injini kwa spana kidogokidogo huku shemeji anasukuma, ghafla meno yakakubaliana, ikaingia tu. Bolti kubwa za kengele 64 Nm, ndogo 46. Boli jointi 142. Nati za habu 216, ambayo kwangu maana yake ni mimi mzima juu ya bomba. Oili mpya 75W-90, nimejaza mpaka ikachuruzika kwenye tundu la kujazia, karibu lita mbili.

Sasa tatizo. Injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia kama siagi. Nikiwasha, hakuna inayoingia. Rivasi inakwaruza mpaka mbwa wa jirani anabweka. Nimetoa upepo kwenye klachi mara tatu, mafuta ya breki mapya ya DOT 3, bado. Wakuu, nimechoka mpaka naona huruma kwa lile gari.

bin_makunduchi

Pole ndugu yangu. Lala kwanza.

grogan_254

Silinda ya chini labda imekufa. Ya kwangu ilikuwa inavuja ndani ya raba, nje huoni kitu.

mzee_wa_spana

Tusibahatishe. Shemeji akanyage pedeli mpaka chini, wewe tazama kijiti cha silinda ya chini. Kinatembea? Na ile yoki inayoingia ndani ya kengele inatembea nacho? Pima.

mkweche_wa_moro

Nimepima. Kinatembea zaidi ya sentimita moja, na yoki inakwenda nacho vizuri.

mzee_wa_spana

Basi upande wa mafuta ni mzima. Kijana, nijibu bila kukasirika. Pleti uliifunga imetazama wapi?

mkweche_wa_moro

Springi zinatazama gia boksi, mzee. Nilihakikisha. Nilipiga na picha.

mzee_wa_spana

Picha ulipiga kabla au baada ya kukaza bolti?

mkweche_wa_moro

Nimekaa dakika kumi natazama simu.

Picha ni ya mara ya kwanza. Niliifunga, mwiko ukateleza, pleti ikaanguka. Nikaifuta, simu ikaita, nikapokea, ni mama mkwe anauliza vitunguu vyake vilivyobaki kwenye buti. Nikiwa bado naongea shemeji akanipa pleti, nikaichomeka, nikafunga. Picha ya pili sina.

otomatiki_oyee

Mimi nimenyamaza.

mzee_wa_spana

Imegeuka. Kitovu kinagonga bolti za flaiwili, pleti haina nafasi ya kuachia. Usijaribu tena kuiwasha na kulazimisha gia, utapinda pleti mpya. Rudi chini. Safari hii utashangaa, nati zote umeshazilegeza na mkono umeshajua njia.

Na mimi nimewahi kuifunga hivyo, kwenye Peugeot 504 ya bwana shamba mmoja, nikiwa na vijana watatu wa kuwafundisha wamesimama nyuma yangu.

mkweche_wa_moro

JUMAMOSI TENA.

Imenichukua saa nne na dakika ishirini kuishusha, kurekebisha na kuirudisha. Wiki iliyopita zilikuwa siku mbili. Vichwa vya bolti vitatu vya flaiwili vilikuwa na alama mpya za kugongwa, na kitovu cha pleti kimekwaruzwa upande mmoja. Nimekagua springi na riveti zote, hakuna iliyolegea. Nimeiweka juu ya kioo cha meza, imekaa sawa bila kuyumba, nikairudisha. Shemeji nilimpa kazi ya kushika tochi tu, na mimi nilizima simu. Lakini tusimsingizie, aliyepokea bila kutazama ni mimi.

Nimewasha. Gia ya kwanza ikaingia kimya. Rivasi kimya. Nimezunguka mpaka Msamvu na kurudi, pedeli nyepesi mpaka mguu unashtuka.

grogan_254

Safi sana boss! Sasa usiipeleke mlimani wiki hii. Hizo kilomita 500 za kwanza tembea mjini polepole, hakuna kuvuta trela, hakuna kushikilia gari kwa klachi ukiwa kwa kilima. Pleti na flaiwili ziache zijuane.

dereva_wa_kihonda

Nimeusoma uzi wote kimyakimya tangu mwanzo. Nina Starlet yenye dalili zilezile, niko Kihonda. Mleta uzi, uliokoa kiasi gani mwisho wa siku?

mkweche_wa_moro

Ukitoa seti, sili, mkerezaji, oili na nauli ya mzigo, hizo zingenitoka popote. Laki tatu ya ufundi ndiyo iliyobaki, toa soda za shemeji na bati la kulia ambalo bado linatabasamu. Ukihesabu siku nilizolala chini, labda fundi hakuwa ghali. Ila sasa kila bolti naijua kwa jina.

mkweche_wa_moro

Wiki ya nne, mrejesho. Kilomita 500 nilitembea kama nimebeba mayai. Jana tumekwenda Iringa kwenye arobaini ya msiba uleule. Kitonga, kona ya tatu, nyuma ya lori la mbao. Gia ya pili, nakanyaga mafuta, gari linakwenda. Mama mkwe akasema safari hii breki za malori hazinuki. Nikamjibu ndiyo mama, wamezitengeneza.

Mguu wa kushoto nauweka sakafuni. Nikijisahau, shemeji anaukohoa kutoka kiti cha nyuma.

mzee_wa_spana

Baada ya kilomita kama elfu moja pima tena mchezo wa pedeli. Na utazame chini ya kengele kama kuna tone.

dereva_wa_kihonda

Mkuu, nimeamua naingia chini Jumamosi ijayo. Kile kijiti cha kusentia bado unacho?

mkweche_wa_moro

Ninacho, na utepe wake. Cha Starlet yako huenda kikataka kupunguzwa au kuongezwa mizunguko, pima kwanza kwenye tundu la krenki. Njoo ukichukue jioni yoyote. Mwenye mwiko ameshasoma uzi huu mpaka mwisho, anasema ukija, uje na mwiko.